Simba si mjukuu wa paka meno-jambia

Swali: Daktari, salamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi hapa Kasarani. Wanafunzi wangu wanachora ukutani wanyama wa kale wa Kenya, nami niliwaambia kwamba yule paka mkubwa wa meno marefu ndiye babu wa simba. Tukamchora na mshale unaoelekea kwa simba. Msichana mmoja akauliza: kama huyu ni babu, mbona mjukuu hana meno hayo? Nikakosa la kusema. Baadaye nikasoma kwamba baadhi ya hao "paka" hawakuwa paka hata kidogo. Sasa walitoka wapi? Na tuwapake rangi gani?

Jibu:

Mwalimu, msichana huyo ameona mbali. Mshale ule ufuteni. Ukoo wa paka meno-jambia na ukoo uliotuletea simba, chui, duma na hata huyo nyau anayelala jikoni kwako uliachana takriban miaka milioni 20 iliyopita. Hatusemi hivyo kwa kukodolea mifupa macho tu. Vinasaba vimepatikana kwenye mabaki ya paka mmoja wa kundi hilo, Homotherium, yakiwemo yaliyohifadhiwa na baridi ya Yukon kule Kanada, na tafiti zilizochapishwa mwaka 2017 na 2020 zilifikia makadirio yanayokaribiana. Kwa hiyo simba hakupoteza meno marefu njiani. Wazee wake hawakuwahi kuwa nayo. Yeye na paka meno-jambia ni binamu, tena binamu wa mbali kuliko alivyo simba na paka wa nyumbani.

Hilo ni jibu la msichana. La kwako ni refu zaidi, kwa sababu ulichosoma ni kweli: wengi wa wanyama tunaowaona vitabuni na chonge zinazoning'inia nje ya kidevu hawakuwa paka. Umbo hilo limezuka mara kadhaa, kwenye koo zisizohusiana kwa karibu, katika mabara tofauti na zama tofauti. Ukiyafuata meno peke yake utawaunganisha wasio ndugu. Wataalamu wa karne ya kumi na tisa walijikuta humo humo, na ubishi haujaisha hadi leo.

Basi tunawatofautishaje? Kwa sikio. Siku ukipata fuvu la paka wa kawaida, lipindue, utazame chini, nyuma kidogo ya pale taya linapoungana na fuvu. Utaona mifupa miwili iliyovimba, mmoja kila upande, myembamba na laini kama nusu ganda la njugu. Hicho ni kifuko cha sikio la kati. Kwa nje hakina la ajabu. Lakini kikikatwa, au kikipigwa picha ya eksirei, utaona ndani yake ukuta mwembamba wa mfupa unaokigawa vyumba viwili. Paka wote wanao ukuta huo, kuanzia simba hadi paka-mwitu. Mbwa hana mgawanyo wa namna hiyo. Kilichonifanya niuamini ukuta huu kuliko meno ni kwamba hauhusiani moja kwa moja na mawindo. Meno hubadilika upesi kufuata chakula. Ukuta uliojificha ndani ya sikio hauna sababu kubwa ya kuiga wa jirani, kwa hiyo huhifadhi habari za ukoo.

Sasa chukua fuvu la mnyama anayeitwa Hoplophoneus, aliyeishi Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita. Uso mfupi wa paka anao. Chonge ndefu anazo. Magego yaliyogeuka makali ya kukatia nyama anayo, na kucha za kuchomoza na kurudi ndani anazo pia. Mpindue: ukuta ule haupo. Kwa baadhi ya jamaa zake hata sakafu ya kifuko chenyewe haikuwa mfupa kamili. Kundi hili ni la wanimravidi, jina ambalo chanzo chake ni Nimravus, mnyama aliyetangazwa mwaka 1879 na Mmarekani Edward Drinker Cope. Wengi wetu huwaweka upande wa paka katika mti wa wanyama wala nyama, karibu kabisa na shina, kabla hata paka, fisi, nguchiro na fungo hawajaachana. (Ndiyo, fisi yuko upande wa paka. Waambie wanafunzi, wataruka.) Wengine huwasukuma nje kidogo zaidi. Kwa vyovyote vile, paka hawakuwa.

Wanimravidi wanaonekana miaka milioni 40 hivi iliyopita, katika zama za Eosini, na mapema mno wako pande zote mbili za Bahari ya Pasifiki. Kule Guangdong, kusini mwa China, kuna Maofelis, aliyetangazwa 2016. Kule San Diego, Kalifonia, kuna Pangurban, aliyetangazwa 2022. Dunia ya wakati huo ilikuwa na joto na misitu hadi kaskazini, na wanyama walivuka kati ya Asia na Amerika kwa miguu. Si wote waliokuwa na majambia. Baadhi, kama Dinictis, chonge zao zilikuwa za kadiri. Wengine kama Eusmilus walizidi mipaka: mtu wa leo angemwona ana ukubwa wa chui tu, lakini taya lake la chini lina kipande cha mfupa kinachoshuka pembeni kuilinda chonge mdomo unapofungwa. Kuna fuvu moja la Nimravus lililopatikana Marekani lenye tundu kwenye paji la uso, na tundu hilo linaoana na chonge ya Eusmilus. Kingo za mfupa zimeanza kupona. Yaani aling'atwa, akaponea, akaishi. Vita vya "paka" wawili ambao wote si paka.

Wanimravidi walipomalizika Amerika Kaskazini, bara lile lilikaa miaka milioni sita au saba hivi bila mnyama yeyote wa umbo la paka. Wenyewe kule hukiita kipindi hicho pengo la paka.

Na Afrika? Wakati wote huo Afrika ilikuwa imezungukwa na bahari, na wanimravidi wale wa kwanza hawakufika huku. Wawindaji wakubwa walikuwa wa kundi jingine kabisa, wahayenodonti, ambao hata katika mti wa wanyama wala nyama wa leo hawamo. Mmoja wao ni wa kwetu: Simbakubwa, aliyechimbwa Meswa Bridge, upande wa Muhoroni, mwenye umri wa miaka milioni 22 hivi. Taya na meno yake yalikaa miongo kadhaa kwenye droo ya Makavazi ya Kitaifa hapa Nairobi mpaka Matthew Borths na Nancy Stevens walipoyachunguza na kumtangaza mwaka 2019. Alikuwa mkubwa kuliko simba yeyote aliye hai. Kama ukuta wenu bado una nafasi, mchoreni, ila si miongoni mwa paka, na msimpe majambia.

Kisha Afrika ikagusana na Asia, njia ya nchi kavu ikafunguka, na ndipo hadithi yetu inaponoga. Kwenye miamba ya Karungu, kando ya Ziwa Viktoria, na kule Napak nchini Uganda, yenye umri wa karibu miaka milioni 20, kuna mabaki ya wala nyama wadogo kiasi wenye chonge bapa. Mmoja anaitwa Afrosmilus, mwingine Ginsburgsmilus. Hawa ni wabarbourofelidi, na ni miongoni mwa wa mwanzo kabisa wa kundi lao tunaowajua. Jamaa zao wa baadaye walienea Ulaya, Asia na mwishowe Amerika Kaskazini, ambako Barbourofelis fricki alikuwa na mwili mzito wa simba, miguu mifupi na chonge za kutisha kuliko karibu mnyama yeyote wa aina hii.

Hapa ndipo wataalamu tunapogombana. Zamani wabarbourofelidi walihesabiwa kuwa tawi la wanimravidi. Mwanzoni mwa karne hii wakatengewa familia yao, na ikasemwa kwamba ni jirani wa karibu wa paka. Maelezo yalivutia, hasa kwa sisi wa Afrika Mashariki: kundi lililochipukia huku likaenda kutawala kwingine. Kisha mwaka 2020 likaelezwa fuvu zuri la mmoja wao kutoka China, Oriensmilus, likiwa na sehemu ya sikio. Ukuta wa paka haumo. Binafsi naona fuvu hilo limeelemeza mzani kuwarudisha kwa wanimravidi, na uchambuzi mpana wa ukoo uliofuata mwaka 2021 uliwapeleka huko huko. Wapo wenzangu wanaoshikilia la zamani. Kwa ukuta wa shule, chora tu mstari wa nukta nukta, hakuna atakayekulaumu.

Paka wenyewe sasa. Wa kwanza tunayeweza kumwita paka bila kuuma maneno ni Proailurus, aliyeishi Ufaransa miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita. Alikuwa mdogo, mwenye umbo linalokumbusha fungo, na huenda alikuwa mpanda miti hodari. Baada yake wanafuata wale wa kundi la Pseudaelurus, walioenea Ulaya, Asia na kisha Amerika, ambao ndio walioliziba lile pengo la paka. Kutoka humo koo mbili zinachipuka. Mmoja ni wa paka wa leo, wenye chonge za mviringo. Mwingine ni wa paka meno-jambia wa kweli, ambao chonge zao zilianza kubapa ubavuni na kuota makali. Kwa hiyo kwenye mchoro wenu mshale uanzie hapo kwa Pseudaelurus, ugawanyike njia mbili, na simba na Homotherium wakae kwenye ncha tofauti.

Na hawa wa kweli tunao kwa wingi. Lothagam, kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana, ilitupa Lokotunjailurus, aliyeelezwa na Lars Werdelin mwaka 2003, mwenye umri wa miaka milioni saba hivi. Kimo chake ni cha simba jike, lakini mwili mwepesi zaidi. Kilichonivutia kwake si meno, ni mkono. Kucha ya kidole gumba ni kubwa ajabu, imepinda, na ukiilinganisha na kucha za vidole vingine vya mkono ule ule utadhani zimetoka kwa wanyama wawili. Zile nyingine ni ndogo. Simba hayuko hivyo. Mnyama huyu alishika windo kwa namna yake: kucha moja ya kunasa, mkono mrefu wa kukumbatia. South Turkwel ikatupa Megantereon wa miaka milioni tatu na nusu hivi. Koobi Fora inao Homotherium na Dinofelis, huyu wa mwisho akiwa na chonge za wastani, nusu njia kati ya jambia na chonge ya chui. Walikuwepo siku zile zile ambazo mababu zetu walikuwa wakitembea kandokando ya ziwa lile.

Ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika ni Smilodon, na naogopa ndiye mliyemchora, maana ndiye anayejaa kila mahali. Huyo ni wa Amerika. Asili yake iko karibu na Megantereon, lakini yeye mwenyewe alizuka Amerika Kaskazini yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita, akashuka hadi Brazili, ambako Peter Wilhelm Lund aliyapata mabaki yake mapangoni Lagoa Santa na kumpa jina katika miaka ya 1840. Kwenye mashimo ya lami ya La Brea, katikati ya jiji la Los Angeles, yametoka mabaki ya Smilodon zaidi ya 2,000. Alidumu hadi takriban miaka 10,000 iliyopita.

Utaniuliza, mbona umbo moja lizuke tena na tena? Ukweli ni kwamba malighafi iko tayari kwa kila mla nyama: chonge anazo, na kuzirefusha ni suala la kuziacha zikue kwa kasi au kwa muda zaidi. Chonge za Smilodon zilikua milimita sita kwa mwezi, karibu mara mbili ya kasi ya simba, na zilikamilika akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Chonge ya utoto ilibaki kando ya ile mpya kwa miezi mingi badala ya kung'oka upesi. Hata leo yupo chui-mawingu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, paka halisi wa upande wa simba, ambaye chonge zake ni ndefu kuliko za paka yeyote aliye hai ukizilinganisha na fuvu lake, na kinywa chake hupanuka kupita kiasi. Hatua ya kwanza, basi, ni fupi.

Zinazofuata ndizo za gharama. Chonge ndefu haina faida ikiwa kinywa hakifunguki vya kutosha. Simba hufungua taya nyuzi 65 au 70 hivi, Smilodon zaidi ya 100. Ili taya lishuke hivyo, misuli ya kufungia kinywa lazima ipangwe upya, na nguvu inapungua: utafiti wa mwaka 2007 ulikadiria kuwa Smilodon aling'ata kwa theluthi moja tu ya nguvu ya simba wa ukubwa unaolingana naye. Juu ya hayo chonge bapa hukata vizuri ikienda mbele na nyuma, lakini ikisukumwa kutoka ubavuni huvunjika. Windo linalopiga mateke haling'atwi na mnyama wa namna hiyo. Kwanza linaangushwa na kubanwa lisitikisike, ndiyo maana Smilodon ana mikono minene kuliko paka yeyote wa leo. Halafu shingo, yenye misuli mikubwa, inazisukuma chonge kwenye koo laini, na kazi inaisha haraka. Simba hukaba koo dakika kadhaa. Huyu alikata mishipa na njia ya hewa kwa mara moja. Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini chonge, taya, shingo na mikono hubadilika kwa pamoja kila umbo hili linapozuka, hata kwa wasio ndugu.

Hata kwa walio mbali kabisa. Amerika Kusini ilipokuwa kisiwa, kulikuwa na Thylacosmilus, aliye karibu zaidi kiukoo na kangaruu kuliko na paka. Chonge zake hazikuacha kukua maisha yote, na mizizi yake ilipanda juu hadi kupita macho. Amerika Kaskazini kulikuwa na Machaeroides na Diegoaelurus, kabla ya wanimravidi kushika nafasi, nao ni wa ukoo ambao haukuacha mzao hata mmoja. Na ukitaka kuwashangaza wanafunzi kweli kweli, waambie kuhusu bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Humo mna wagorgonopsi, jamaa wa kale sana wa mamalia, wenye chonge za jambia, walioishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla dinosaria wa kwanza hajazaliwa.

Huku kwetu paka meno-jambia walitoweka kati ya miaka milioni moja na nusu na milioni moja hivi iliyopita, mapema mno kuliko Ulaya na Amerika. Hali ya hewa ilikuwa ikikauka na nyasi kuenea, lakini mimi sidhani hilo linatosha. Werdelin na wenzake wamechambua kumbukumbu za Afrika Mashariki, na katika utafiti uliochapishwa 2020 walikuta kwamba kupungua kwa wala nyama wakubwa kunaoana zaidi na kukua kwa ubongo wa mababu zetu kuliko na mvua au joto. Watu wenye mawe ya kukatia, wanaokuja kwa kikundi kunyang'anya mzoga, ni hasara kubwa kwa mnyama asiyeweza kuishi ila kwa windo kubwa. Simba na chui hula chochote, na usiku ni wao.

Sasa rangi. Mfuteni Smilodon, mmchore Homotherium, ambaye ni wa Turkana. Mwaka 2020 kwenye kingo za mto Badyarikha kule Yakutia, Urusi, alipatikana mtoto wa Homotherium aliyegandishwa kwenye barafu, mwenye umri wa wiki tatu hivi alipokufa, zaidi ya miaka 30,000 iliyopita. Maelezo yake yalichapishwa Novemba 2024. Manyoya ni ya kahawia iliyokolea, hayana madoa. Shingo nene, masikio madogo, kinywa kipana. Huyo ni wa nchi ya baridi, kwa hiyo wa Turkana mpeni kahawia hiyo hiyo ikiwa imepauka. Miguu ya mbele iwe mirefu kuliko ya nyuma, mgongo ushuke kuelekea kiunoni kama wa fisi, na mkia uwe mfupi.

Kuna jambo moja watakalolipinga. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa chonge za Homotherium zilifichika ndani ya midomo anapofunga kinywa, tofauti na Smilodon. Wakilalamika, mchoreni akipiga miayo.